Kichupa cha Mafuta Katika Safari ya Kusaidia Wenzetu



Maafa yakitokea, watu hawakai wakatazama tu. Huondoka kwenda kuwasaidia wenzao. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka mlima Hanang vikaingia mji wa Katesh, mkoani Manyara. Watu zaidi ya 80 walikufa. Mwezi wa Aprili 2024 mto Rufiji ulifurika. Nyumba na mashamba vilizama katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na watu wengi wakahamia kambini. Mara zote mbili walihitajika watu wa kujitolea: wa kugawa chakula, wa kupika, wa kubeba wagonjwa.

Labda siku moja kijiji chako, au msikiti wako, au kanisa lako, litakuchagua wewe. Utafunga mzigo wako: chandarua, shuka, sabuni, viatu vya mpira. Na kama walivyo wengi, utatia pia kichupa cha mafuta ya karafuu, au ya mkaratusi, au ya mchaichai. Je, kichupa hicho kitakusaidia nini? Na hakitakusaidia nini? Hilo ndilo somo letu la leo.

1. MAFUTA HAYA NI NINI?

Hayafanani na mafuta ya kupikia. Mafuta ya kupikia hukamuliwa katika mbegu, kama alizeti na ufuta. Mafuta tunayoyazungumzia hutoka katika majani, maua, vikonyo au maganda ya mimea yenye harufu. Tuyaite mafuta ya harufu.

Kwa kawaida hutolewa kwa mvuke. Majani hutiwa katika pipa, mvuke wa maji ya moto ukapita ndani yake. Mvuke huchukua mafuta ukaingia nayo katika bomba lililopozwa. Humo hugeuka tena kuwa maji, na mafuta hutengana na maji. Mtambo wake unafanana na ule wa kupikia gongo. Kisiwani Pemba, huko Wawi karibu na mji wa Chake Chake, kipo kiwanda cha kazi hii. Wenyeji hukiita Kiwanda cha Makonyo, kwa sababu hutoa mafuta katika makonyo, yaani vile vikonyo vya karafuu.

Kumbuka jambo moja. Mzigo mkubwa wa majani hutoa mafuta kidogo sana. Kwa hiyo tone moja lina nguvu nyingi. Kikombe cha chai ya mchaichai ni kinywaji. Kijiko cha mafuta ya mchaichai si kinywaji hata kidogo.

2. YANASAIDIA NINI?

Jino likikuuma njiani, mafuta ya karafuu hutia ganzi kwa muda. Hata madaktari wa meno huyachanganya na unga wa zinki kuwa dawa ya kuziba jino kwa muda. Chukua tone moja, lichanganye na mafuta kidogo ya kupikia, chovya pamba, gusa jino. Usimeze. Usitie mengi, maana huunguza ufizi. Na ukifika penye daktari wa meno, nenda. Maumivu yametulia, lakini jino bado limeoza.

Mafua yakikuziba pua, harufu ya mkaratusi huleta nafuu. Tia tone moja katika kitambaa, unuse kwa mbali. Usiwe na haraka ya kujifukiza juu ya sufuria ya maji ya moto kambini penye watoto wengi. Sufuria ikipinduka, utakuwa umeleta maafa mengine.

Mafuta ya mchaichai hufukuza mbu, lakini kwa muda mfupi. Tufanye hesabu. Umejipaka saa 2 usiku. Mara nyingi nguvu yake huwa imekwisha kabla ya saa 4. Mbu wa malaria huuma usiku hadi alfajiri. Je, kuanzia saa 4 mpaka saa 11 alfajiri nani atakulinda? Ni chandarua. Kwa hiyo mafuta yatumie wakati unapoota moto na wenzako. Ukilala, lala ndani ya chandarua.

3. NAMNA YA KUYAPIMA

Usipake mafuta haya matupu mwilini. Yachanganye kwanza na mafuta ya nazi, ya ufuta au ya alizeti. Kipimo ni hiki:

Vijiko 2 vya chakula vya mafuta ya kawaida: tia matone 12 ya mafuta ya harufu, wala usizidishe.

Mafuta ya karafuu ni makali zaidi. Hayo tia matone 3 tu.

Kisha jaribu. Paka kidogo ndani ya mkono, ungoje siku moja. Ngozi ikiwasha au ikiwa nyekundu, osha kwa sabuni na maji, uache kabisa. Usipake machoni, puani, wala juu ya kidonda. Yakiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15. Na mafuta ya maganda ya ndimu usiyapake mchana ukatoka juani. Jua litakubabua.

Mama mjamzito, mtu mwenye pumu na watoto wadogo wasitumie kabla ya kumwuliza nesi au mganga wa zahanati. Usimpake mtoto mchanga mafuta ya mkaratusi au ya nanaa puani au kifuani. Yanaweza kumbana pumzi.

4. HAYASAIDII NINI?

Hapa tusikilizane vizuri, maana hapa ndipo watu wanapopotea.

Mafuta hayasafishi maji. Maji ya mafuriko yamechanganyika na vyoo. Chemsha mpaka yatokote, au tia dawa ya klorini kama ulivyoelekezwa.

Mafuta hayatibu kuharisha. Mtu anayeharisha anapungukiwa na maji na chumvi mwilini. Mpe maji ya pakiti za ORS. Kama pakiti hazipo, chukua lita 1 ya maji safi, sukari vijiko 6 vya chai, na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha. Koroga, mnyweshe kidogo kidogo, huku mkimpeleka kwa mganga.

Mafuta hayatibu malaria. Homa hupimwa kwa damu, na mwenye malaria hupewa dawa zake.

Mafuta hayazuii pepopunda. Umejikata kwa bati katika tope? Osha kwa sabuni na maji safi mengi, kisha nenda kwa mganga ukaulize habari ya sindano.

5. SI YA KUNYWA

Mafuta haya yana harufu nzuri, na kichupa chake ni kidogo kama cha dawa ya kifua. Ndiyo hatari yake. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mkaratusi kinaweza kumtia mtoto degedege na kumpotezea fahamu. Mafuta ya karafuu yakinywewa yanaweza kuharibu ini.

Mtoto akinywa, usimtapishe. Akitapika, mafuta yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali, na kichupa uchukue, ili mganga aone amekunywa nini.

Wewe msomaji una silaha moja ambayo zamani hukuwa nayo. Unajua kusoma na kuandika. Basi soma maandishi ya kichupa kabla ya kununua. Kama hakina maandishi, usinunue. Na ukihamishia mafuta katika chupa nyingine, iwe ya kioo cha rangi nyeusi-nyeusi, maana mafuta haya huharibu plastiki. Bandika karatasi, uandike kwa herufi kubwa: MAFUTA YA MKARATUSI. SI YA KUNYWA. Kifuniko kikaze. Kaa nacho mbali na koroboi na mshumaa, kwa sababu yanashika moto.

6. MGENI HUAMINIWA

Tuchukue mfano. Umefika kambini. Ni jioni. Mama mmoja kijana anakujia na mtoto mgongoni.

"Dada, samahani. Mwanangu kachemka tangu jana. Nasikia unayo dawa ya mafuta. Nipe hata kidogo tu."

Utafanyaje? Huruma inakuambia umpe. Mama huyu amepoteza nyumba, na wewe kuna kitu mkononi mwako. Lakini fikiri. Yeye anakuamini kwa sababu umetoka mbali kuja kumsaidia. Ukimpaka mtoto mafuta, mama atalala akijua mtoto ametibiwa. Hataenda kwa nesi usiku ule. Kama ni malaria, usiku mmoja kwa mtoto mdogo ni mrefu sana.

Jibu zuri ni hili:

"Mdogo wangu, haya si dawa ya homa. Twende wote kwa nesi sasa hivi. Lete mtoto, nikupokee."

Huo ndio msaada. Kichupa kimebaki mfukoni, lakini mtoto amefika panapostahili. Kwa hiyo mafuta uliyobeba yawe kwa jino lako na mafua yako. Usiyagawe kambini kama dawa. Watu walioko katika shida wasifanywe wa kujaribiwa vitu.

MANENO MAPYA

Ganzi: hali ya kutosikia maumivu.
Mvuke: moshi mweupe wa maji yanayochemka.
Degedege: mtoto kukakamaa na kutetemeka mwili.
Kusawazisha kijiko: kukipangusa juu ili kisiwe na kilima.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Vijiko 2 vya mafuta ya nazi huchukua matone 12 ya mafuta ya mchaichai. Je, vijiko 4 vitachukua matone mangapi? Na kijiko 1?
2. Kwa nini mtu aliyejipaka mafuta ya mchaichai bado anahitaji chandarua?
3. Tazameni vichupa mlivyo navyo nyumbani. Vingapi havina maandishi? Viandikeni leo.
4. Ungekuwa wewe kambini, na nesi yuko mbali mwendo wa saa moja, ungemjibuje yule mama?