Kaumu ya Nabii Yunus na Miji ya Mlima Kenya

Ndugu Waislamu, tulipofika aya ya 98 ya Surat Yunus katika darsa yetu, kijana mmoja alituuliza: "Sheikh, na hawa watu wa Nyeri, ambao pombe imewamaliza, nao wana toba?" Wenziwe wakacheka. Swali lile si la kuchekwa, na jawabu yake imo katika aya ile ile.

Mwenyezi Mungu atueleza humo kwamba hapakuwa na mji ulioamini wakati kama ule imani yake ikaufaa, ila kaumu ya Yunus: walipoamini, aliwaondolea adhabu ya fedheha. Nabii wao alikuwa amekwisha kuondoka kwa hasira. Toba yao ilikuja yeye hayupo. Basi ikiwa Nabii alitiwa tumboni mwa samaki kwa kuondoka kabla ya idhini ya Mola wake, sisi tulioketi Mombasa twapata wapi idhini ya kuwafungia mlango watu wa bara? Na katika Majengo ya Nyeri wamo ndugu zetu Waislamu, wanaosikia adhana kama tuisikiavyo sisi.

Lakini toba ile ilikuwaje? Wafasiri wamepokea kwa Ibn Mas'ud kwamba walirudishiana haki zao, hata mtu aliyejengea jiwe la mwenziwe alilng'oa ukutani akamrejeshea. Hapa ndipo pa kusimama.

Mwezi wa Mei 2014 pombe yenye sumu ya methanoli iliua makumi ya watu Embu na kwingineko. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaamuru pombe haramu iangamizwe katika majimbo yale, na mapipa yakamwagwa mbele ya umati. Februari 2024, kijijini Kangai, Kirinyaga, watu zaidi ya kumi wakafa kwa pombe tena. Amri ile hatuilaumu. Ilikuwa ya haki. Ila pipa humwagwa kwa mkono wa serikali, na jiwe hung'olewa na aliyelijengea.

Nasi Pwani tuna unga, na vijana wetu twawazika. Tulimrudia yule kijana na wenziwe tukawauliza: nani katika mtaa wetu amekataa kodi ya nyumba ambayo ajua unga wauzwa ndani yake? Hakucheka mtu.

Darsa ijayo, Inshallah, ni masharti ya toba katika haki za waja, nasi tutaanzia na kodi.