Kuondoa na Kurudisha Pedi za Breki za Sahani katika Baiskeli ya Milimani

Mwaka 1976 vijana wa Marin County, California, nchini Marekani, walianza kushindana kuteremka mlima kwa baiskeli kuukuu. Njia waliyoitumia hushuka karibu mita 400 katika safari ya kilomita tatu hivi. Breki zao zilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, nazo zilipata joto kali hata grisi ikaungua. Ikawalazimu kufungua kitovu na kukijaza grisi upya. Kazi hiyo ndiyo iliyoipa njia jina la Repack, yaani kujaza tena.

Joto hilo hukadirika kwa hesabu nyepesi. Mpandaji na baiskeli yake wakiwa na kilo 90, kushuka mita 400 hutoa nishati ya 90 × 9.8 × 400, yaani jouli 352,800. Nishati hiyo yatosha kupandisha joto la lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 za sentigredi hadi kuchemka. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na ardhi. Iliyobaki ni mzigo wa breki. Katika breki za sahani mzigo huo hubebwa na sahani ya chuma izungukayo na gurudumu, ikibanwa na pedi mbili huku ikipozwa na hewa.

Pedi ni kipande bapa cha chuma kilichogandishwa tabaka la msuguano. Tabaka hilo huliwa kidogo kidogo, na katika breki nyingi likibaki nusu milimita pedi hubadilishwa. Likiisha kabisa, chuma husugua chuma, na mteremkoni hilo si jambo la kujaribiwa.

Kwanza gurudumu hutolewa. Tangu hapo mkono wa breki usiguswe, kwani sahani haipo tena kuzizuia pistoni, nazo zaweza kusogea mpaka pedi zikutane. Kisha kishikizo kidogo cha usalama huondolewa, na pini ipitayo kwenye pedi hufunguliwa. Pedi hutoka pamoja na springi yao. Namna springi ilivyokaa iangaliwe vema, maana ikirudishwa kinyume hugusa sahani.

Pedi mpya ni nene kuliko zilizolika, hivyo pistoni hazina budi kurudishwa nyuma. Katika breki za mafuta husafishwa kwanza, kisha husukumwa polepole kwa kipande kipana cha plastiki ngumu. Bisibisi yenye ncha haifai hata kidogo. Mafuta yaliyofuata pistoni hurudi katika chombo chake juu ya usukani. Kama mtu aliongeza mafuta pedi zilipokuwa zimelika, chombo hicho hufurika.

Adui mkubwa wa kazi hii ni mafuta yenyewe. Uso wa pedi una vinyweleo, na tone moja la mafuta au kidole chenye grisi hupunguza msuguano kiasi cha kuiharibu pedi. Mikono ioshwe, na sahani ifutwe kwa spiriti na kitambaa safi.

Pedi na springi huingizwa pamoja, pini hukazwa, kishikizo hurudishwa, ndipo gurudumu hufungwa, sahani ikipita katikati ya pedi. Kabla ya kupanda, mkono wa breki huvutwa mara kadhaa mpaka uwe mgumu. Mivuto ya kwanza hufika hadi kwenye usukani bila kukamata chochote. Aliyekwisha ondoka atalijua hilo akiwa amechelewa.

Hata hapo pedi hazijawa tayari. Mahali tambarare, baiskeli iendeshwe kwa mwendo wa wastani na kufungwa breki hadi ikaribie kusimama, bila gurudumu kukwama, mara ishirini hivi. Kila mara pedi huacha utando mwembamba juu ya sahani, na utando huo ukienea sawasawa breki hukamata kwa nguvu yake kamili. Wakati huo sahani ni ya moto, isishikwe.