SOMO LA MWEZI: Kubadili Vipimo kwa Njia ya Uwiano

Somo letu la mwezi huu ni la hesabu. Tafadhali usifunge ukurasa. Anayekodi shamba bila kujua kipimo anaweza kulipia ardhi ambayo hataiona.

Kwetu Kongo na Burundi tulisoma mita, ari na hekta, vipimo vilivyotumika tangu wakati wa Wabelgiji. Hapa Uganda, kama Kenya na Tanzania, Waingereza waliacha futi na ekari, na mpaka leo shamba hutajwa kwa ekari. Basi wengi wetu husikia "ekari" na moyoni wanahesabu hekta. Si kitu kimoja. Hekta 1 ni mita za mraba 10,000. Ekari 1 ni mita za mraba 4,047 hivi. Aliyekubali bei ya ekari akidhani ni hekta, amepata pungufu ya nusu ya alichotarajia.

Uwiano ni nini? Ni vipimo viwili vinavyolingana, kimoja kikiandikwa juu ya mstari na kingine chini. Kwa kuwa ari 1 ni sawa na mita za mraba 100, kugawanya kimoja kwa kingine ni sawa na moja. Na kitu ukikizidisha kwa moja hakiongezeki wala hakipungui, kinabadilika jina tu. Kanuni ni hii: kipimo unachotaka kiondoke kiweke chini, unachokitaka kiweke juu.

Tuseme umepewa ekari 2. Ni ari ngapi?

ekari 2 × (mita za mraba 4,047 / ekari 1) × (ari 1 / mita za mraba 100) = ari 80.94

Ekari ya juu inakatana na ya chini, mita za mraba vilevile, linabaki neno "ari". Ukigeuza uwiano juu chini, majina yatakataa kukatana, nawe utajua kuna kosa kabla hata ya kuzidisha. Kwa hiyo andika jina la kipimo kila mara. Watoto wetu wa shule wanapenda kuandika namba tupu, na wazazi tunawaachia.

Sasa angalieni mtego mkubwa. Kiwanja ni futi 50 kwa 100, na futi 1 ni mita 0.3048. Mtu anazidisha 50 × 100 anapata 5,000, kisha 5,000 × 0.3048, anasema kiwanja ni mita za mraba 1,524. Hapana! Futi za mraba zimebeba futi mara mbili, ya urefu na ya upana, hivyo uwiano nao lazima uingie mara mbili: 5,000 × 0.3048 × 0.3048 = mita za mraba 464.5. Yule wa kwanza ameona kiwanja kikubwa zaidi ya mara tatu ya kilichopo, na huenda amekwisha kutoa pesa. Ukiogopa kuchanganya, badili kila upande kwanza: mita 15.24 na mita 30.48, ndipo uzidishe.

Akina mama, uwiano huohuo uko kwenye chupa ya dawa ya mtoto. Ikiwa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5, na mganga ameagiza miligramu 180, basi ni 180 × 5 / 120, yaani mililita 7.5. Kiasi cha dawa anapanga mganga, si sisi. Na msipime kwa kijiko cha jikoni, maana vijiko havilingani. Tumieni kipimo kilichokuja na chupa.

Zoezi la nyumbani, fanyeni pamoja na watoto. Katika Ezekieli sura ya 45, efa ni sehemu ya kumi ya homeri, na shekeli ni gera 20. Homeri 3 ni efa ngapi? Shekeli 5 ni gera ngapi? Na shamba la mita 60 kwa mita 45 ni ekari ngapi?

Majibu: efa 30, gera 100, ekari 0.67, yaani kama theluthi mbili za ekari.