Dondoo muhimu: Mabawa ya kuku ya pakiti
Kabla ya kusoma kalori, tazama kipimo: namba hizo ni za gramu 100, au za vipande vitatu vinne tu? (Na nani huishia vitatu?) Kisha nenda kwenye sodiamu. Izidishe mara 2.5 upate chumvi: miligramu 800 za sodiamu ni gramu 2 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku. Basi usiongeze chumvi jikoni. Protini ipo ya kutosha. Mafuta mengi yamo kwenye ngozi, na ukichoma juu ya wavu sehemu yake hudondoka. Viambato hupangwa kwa uzito: sukari ikitajwa kabla ya pilipili, ujue imeizidi.