Kufunga Vyombo Vinavyovunjika Wakati wa Kuhama

Mwalimu akihamishwa kutoka Machakos kwenda Kisii, au jamaa wakitoka mjini kurudi shambani, vyombo vilivyonunuliwa kimoja kimoja kwa miaka mingi hupakiwa garini kwa siku moja tu. Mara nyingi mwenyewe hufungua sanduku akakuta vigae. Hapo humlaumu dereva na barabara mbaya, kumbe kosa lilianza nyumbani, kabla gari halijaondoka.

Yafaa ijulikane kwamba kinachovunja vyombo hasa ni nafasi iliyoachwa wazi. Kikombe chenye nafasi ya kucheza hugongana na mwenzake kila gari liingiapo shimoni.

Kwanza, litafutwe sanduku imara lisilo kubwa mno, kwa maana sanduku kubwa likijaa vyombo huwashinda wachukuzi, nao huliangusha. Chini yake yatandikwe majani makavu au nguo kuukuu, unene wa vidole vinne. Majani mabichi hayafai, kwani huleta unyevu na ukungu.

Pili, kila chombo kizungushiwe karatasi ya gazeti peke yake, na vikombe vijazwe karatasi ndani. Sahani zisimamishwe kwa ukingo, kama vitabu vilivyopangwa katika kabati. Zikilazwa, ya chini hubeba uzito wa zote. Vyombo vizito viwe chini, vyepesi juu. Taa imwagwe mafuta, na kioo chake kivuliwe, kijazwe kitambaa, kifungwe mbali na vyuma.

Tatu, nafasi zote zilizobaki zijazwe, kisha sanduku litikiswe polepole. Ukisikika mlio ndani, lifunguliwe na kujazwa tena. Sanduku lililonyamaza ndilo lililo tayari kwa safari. Upande wa juu uandikwe kwa herufi kubwa, ili lisipinduliwe.

Ikiwa vyombo vitawekwa akiba kwa muda mrefu, sanduku liinuliwe juu ya matofali, mbali kidogo na ukuta. Hivyo unyevu hautalifikia upesi, na njia za mchwa zitaonekana mapema.

Sahani ikivunjika, nyingine yaweza kununuliwa. Lakini mtungi uliofinyangwa na bibi aliyekwisha kufariki hauna duka. Huo ufungwe katika blanketi na kupakatwa njia nzima. Haraka haraka haina baraka: saa mbili za kufunga kwa uangalifu huokoa mali ya miaka mingi.