Haki ya Kazi na Haki ya Nyumba

Ndugu msomaji, jambo tunalotaka kulichunguza katika somo hili ni hili: mtu mwenye kazi ya mshahara, au mwenye shamba na biashara, aigawe vipi siku yake baina ya kazi hiyo, watu wa nyumba yake na nafsi yake mwenyewe? Swali hili si dogo. Nyumba nyingi zimeingia ufa bila ya baba kuwa mlevi wala mama kuwa mgomvi. Sababu yake ni kwamba mmoja wao, au wote wawili, waliipa kazi nguvu na subira yao yote, wakarudi nyumbani hawana tena cha kutoa.

Ili maneno yetu yasiwe ya hewani, na tutazame wilaya mbili za Mkoa wa Manyara, yaani Mbulu na Hanang.

Katika vilima vya Mbulu, na hasa upande wa Kainam, Wairaqw wamekuwa wakulima hodari tangu zamani. Kwa desturi yao ya kale ng'ombe walilala ndani ya nyumba pamoja na wenyewe, na samadi yao ikabebwa mpaka shambani ili ardhi isichoke. Shamba lilikuwa mlangoni. Mtoto aliwaona wazazi wake wakilima, akajifunza kazi na adabu kwa wakati mmoja, wala hakuwa na haja ya kuuliza baba atarudi saa ngapi. Hatusemi kwamba maisha yale yalikuwa mepesi. Jembe lilikuwa zito, na mzigo wa wanawake ulikuwa mzito zaidi. Tunasema tu kwamba kazi na nyumba vilikaa chini ya paa moja.

Kisha ikaja kazi ya namna nyingine. Mwaka 1955 hospitali ya Haydom ilifunguliwa katika Wilaya ya Mbulu, na pamoja nayo zikaja zamu za usiku, kwani mgonjwa hachagui saa ya kuugua. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, na baadaye kwa msaada wa Kanada, mashamba makubwa ya ngano yalianzishwa katika tambarare za Basotu, wilayani Hanang, juu ya ardhi ambayo Wabarabaig walikuwa wakilishia mifugo yao. Katika miaka ya 1980 mashamba hayo yalikuwa saba, yenye jumla ya ekari zipatazo 100,000 chini ya shirika la NAFCO. Dereva wa trekta katika msimu wa kupanda na wa kuvuna hakuweza kusema jua limezama, naenda zangu. Shule na ofisi nazo zikaongezeka, hasa baada ya Mkoa wa Manyara kuundwa mwaka 2002, na walimu, wauguzi na maofisa wakapangiwa vituo mbali na jamaa zao.

Mabadiliko haya yalileta matibabu, elimu na mshahara, na hizo ni neema. Lakini yalileta jambo moja ambalo wengi hawakulitambua: kazi ilitoka nyumbani. Yale ambayo zamani yalijipanga yenyewe, sasa hayapangiki ila kwa makusudi. Asiyekusudia kukaa na watoto wake, hatakaa nao. Siku zitapita, nao watakuwa watu wazima.

Hapa yafaa tukumbuke kisa mashuhuri cha masahaba wawili, Salman na Abu Dardaa (r.a.), ambao Mtume Muhammad (s.a.w.) aliwaunganisha kuwa ndugu mjini Madina. Siku moja Salman alimtembelea ndugu yake, akamkuta mkewe amevaa mavazi duni, hajijali. Alipomwuliza sababu, yule mama alimweleza kwamba mumewe hana haja tena na mambo ya dunia. Abu Dardaa alifunga mchana na kusimama usiku katika sala. Salman akakataa kula mpaka mwenyeji wake ale naye. Usiku akamzuia asiamke mapema, mpaka sehemu ya mwisho ya usiku ilipofika wakasali pamoja. Kisha akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wa nyumba yake wana haki, naye anapaswa kumtimizia kila mmoja. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), aliyasadikisha maneno ya Salman.

Zingatia sana, ewe msomaji. Kilichomtoa Abu Dardaa kwa watu wake hakikuwa mchezo wala ulevi. Ilikuwa ni ibada, tendo lililo bora kuliko yote. Ikiwa hata sala za usiku na funga za hiari zimewekewa kipimo kwa ajili ya haki ya mke, je, kazi ya ziada ofisini na safari za mnadani zitakosaje kipimo?

Huenda mtu akasema: "Mimi nataabika kwa ajili yao hao hao. Nisipofanya kazi watakula nini?" Jibu ni kwamba kutafuta riziki ya halali ni wajibu, na mvivu hapati kimbilio katika somo hili. Lakini riziki ni mojawapo ya haki za nyumba. Siyo haki zote. Mtoto aliyelipiwa ada ya shule na baba asiyejua yuko darasa la ngapi, amepewa haki moja na kunyimwa nyingine. Tena hatujui muda tuliopewa. Alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliingia mjini Katesh na katika vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Anayesema "nitakaa na wanangu mwakani" anaahidi kwa kitu ambacho hakimo mkononi mwake.

Sheria za nchi nazo zimeliona jambo hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inaweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki, na kwa kawaida 9 kwa siku. Inatoa mapumziko ya saa 24 kila wiki na likizo ya siku 28 kila mwaka. Mama aliyejifungua ana likizo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini anaruhusiwa muda usiozidi saa mbili kwa siku wa kumnyonyesha mwanawe. Baba naye ana angalau siku tatu. Kuzidai haki hizi kwa adabu si uvivu wala utovu wa shukrani.

Sasa tupige hesabu. Wiki ina saa 168. Toa 45 za kazi, na 56 za usingizi ikiwa mtu hulala saa 8. Zinabaki 67. Kila mmoja ajiulize kwa uaminifu: saa hizi 67 huenda wapi? Wengi wetu tunailaumu kazi, kumbe tumeibiwa barazani.

Lakini mkulima wa kitunguu saumu wa Mbulu na mfanyabiashara wa ng'ombe wa Katesh hawana mwajiri wa kuwapa likizo. Hawa hawana budi kujitungia sheria wenyewe. Anayejiajiri asipojiwekea mpaka, huwa bwana mkali kuliko mabwana wote, maana hamwonei huruma hata mtumwa ambaye ni yeye mwenyewe.

Jambo jingine ni la mke mwenye kazi. Muuguzi akitoka zamu ya usiku, mara nyingi huanza zamu ya pili: maji, kuni, jiko na watoto. Mumewe akikaa kungoja chakula huku yeye amesimama tangu jana, hapo hakuna haki. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ulipofika alitoka kwenda kusali. Basi mwanamume anayeona haya kubeba ndoo ya maji anaona haya ya kitu gani?

Siku hizi simu ya mkononi imeirudisha kazi chini ya paa, lakini siyo kama zamani. Ng'ombe alipolala ndani, kazi yake iliwakusanya watu wote wa nyumba. Simu humwita mmoja na kuwaacha wengine wakimtazama. Yupo, naye hayupo.

Basi na tushike mambo manne. Mosi, iwepo saa moja ya kila siku iliyo ya nyumba, kama mlo wa jioni, na simu iwekwe mbali; dharura ya kweli, kama ya mgonjwa, ina njia yake. Pili, mume na mke waketi mwanzoni mwa kila mwezi, watazame zamu, safari na msimu, wagawane kazi za nyumbani kabla ya ugomvi kuzigawa. Tatu, aliyepangiwa kituo cha mbali asitume fedha tu. Aulize habari za kila mtoto kwa jina lake, na likizo yake aitumie kwao. Nne, mwili upewe usingizi na nafsi ipewe utulivu, kwani aliyechoka hutoa ukali mahali pa upole, na wanaoupokea ni wale asiotaka kuwaumiza.

Ndugu msomaji, kazi ina sauti kubwa: ina kengele, ina barua, ina msimamizi. Haki ya mtoto haina sauti hiyo. Yeye huja mara moja, husimama mlangoni, na akiona umeshughulika huondoka kimyakimya. Mwenye kupima kwa haki hasikilizi ukubwa wa sauti. Hutazama ukubwa wa deni. Usiku huu, kabla hujalala, mwite mmoja wa watoto wako umwulize siku yake ilikuwaje, nawe ukae umsikilize mpaka amalize. Mwenyezi Mungu atuwezeshe. Amin.