MEZA TEMBE NZIMA
Kijitabu cha familia za Laini Saba na Kawangware kuhusu dawa za maumivu zinazotoka polepole

Anza hapa
Usiponde. Usitafune. Usivunje. Meza tembe nzima kwa maji.

Dawa zenyewe
Kuna tembe za maumivu zinazotoa dawa kidogo kidogo kwa saa 12 au 24, ili mgonjwa wa mgongo, magoti au saratani apate kulala. Ndiyo maana tembe moja hubeba dawa nyingi: diclofenac ya kawaida ina miligramu 50, ya polepole mara nyingi ina 100. Ni kama mtungi wa maji wenye kitundu. Ukiuacha, utadondosha hadi jioni. Ukiupasua, maji yote yatamwagika mara moja. Kuponda tembe ni kuupasua mtungi.

Utaijuaje?
Mara nyingi baada ya jina la dawa utaona SR, ER, XR, MR, CR au Retard. Shida iko dukani: muuzaji anakata tembe mbili kwa makasi, zile herufi zinabaki upande wake, nawe unaondoka na bahasha isiyo na jina. Usikubali. Mwambie akuonyeshe karatasi yote ya tembe, kisha aandike jina na saa za kumeza juu ya bahasha.

Kinachotutia hofu zaidi
Shosho hawezi kumeza, basi mjukuu anasaga tembe kwa kijiko na kuikoroga kwenye uji. Mtu wa mjengo anarudi jioni mgongo ukimuuma, anaitafuna ili ishike haraka. Dawa ya kutwa nzima inaingia mwilini kwa mkupuo. Ikiwa ni tramadol au mofini, pumzi hupungua na mtu anaweza kulala asiamke. Tramadol huleta hata degedege. Diclofenac hujeruhi tumbo hadi mtu akatapika damu. Usiponde, hata kama ni kwa huruma. Usiponde kwenye uji, wala chai, wala maji. Asiyeweza kumeza apelekwe kliniki abadilishiwe dawa. Mofini ya maji ipo hapa Kenya.

Pombe
Chang'aa, busaa, bia: usichanganye na tembe hizi. Mwaka 2005 Marekani, dawa ya maumivu ya Palladone, ya kumezwa mara moja kwa siku, iliondolewa sokoni kwa sababu pombe iliitoa yote kwa pamoja.

Bado kunauma?
Ngoja saa yake ifike. Tembe hii haikutengenezwa kushika papo hapo, kwa hiyo usiongeze ya pili. Usimeze diclofenac pamoja na Brufen, ni jamii moja. Mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, au mgonjwa wa figo au moyo: usiguse diclofenac bila daktari. Na usimpe jirani tembe zako, hata akikusihi.

Ukiona ganda la tembe chooni
Usishtuke, dawa ilishatoka.

Watoto
Hata tembe moja ya mkubwa inaweza kumuua mtoto. Ifiche juu.

Kimbia hospitali
Mtu haamki, anapumua kwa shida, ana degedege, anatapika damu au choo chake ni cheusi: usimtapishe, usimpe maziwa, usingoje kupambazuke. Mpeleke Mbagathi au Kenyatta. Beba karatasi ya dawa, daktari ajue amemeza nini, saa ngapi, na kama ilipondwa.